Siku Niliyoondoka na Mkono wa Mashine

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Mhariri wenu, kijana mwenye adabu zake, alisimama akasema kwa utani kwamba mimi ndiye mwandishi mzito kuliko wote West Nile nzima, kila habari ya msiba nimeileta wengine wameshaimaliza, na sasa nikiwa na saa sina kisingizio. Mkacheka. Nami nilicheka, maana soda ilikuwa baridi na pilau ilikuwa nzuri. Lakini nimerudi kwangu Koboko, saa nimeitundika, na kila nikiitazama nakumbuka kwamba sikuwajibu. Basi jibu ni hili. Nilichelewa, nilijua kwamba nachelewa, na mkinirudishia ujana wangu kesho nitachelewa tena.

Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Serikali ya wanajeshi kule Kampala ilipoanguka mwaka 1979 nilikuwa binti aliyetoka sekondari, najua kupiga taipu na sijui kingine. Baba yangu alikuwa fundi wa magari jeshini, na hilo lilitosha kutufanya maadui wa kila mtu. Tukavuka mpaka, tukakaa kambini upande wa Sudan, karibu na Yei. Huko kulikuwa na mzee mwenye redio ya mawimbi mafupi, ambaye mchana alianika betri juani kama muhogo ili zipate nguvu tena. Tulimzunguka jioni tukasikiliza Waingereza, Wajerumani na Wamarekani wakitangaza kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu. Wamarekani niliwapenda zaidi kwa sababu walisema makosa ya wakubwa wao wenyewe bila kushusha sauti. Walitueleza mambo ya dunia nzima, ila mtu wa Koboko alipokufa Arua, hawakuwa na habari naye.

Habari hiyo ililetwa na miguu. Mchuuzi wa chumvi aliingia kambini, akaketi, akasalimia, akapewa maji, akauliza watoto, mvua na mbuzi. Kisha akaomba aitiwe kaka wa mama mwenye nyumba. Akishaomba hivyo tu, wanawake wa jirani walianza kufunga vitenge kiunoni. Kwetu kifo kina njia yake. Kinapita kwanza kwa wajomba na wazee wa ukoo, nao ndio wanaokifikisha mlangoni, ili anayeanguka aangukie mikono ya watu wake. Nayaeleza haya mapema kwa kuwa ndiyo yaliyonigombanisha na mtu niliyempenda kuliko wakubwa wote niliowahi kuwafanyia kazi.

Tuliporudi, katikati ya miaka ya themanini, nilikwenda Arua kutafuta riziki. Kule Mvara, chini kidogo ya misheni, kulikuwa na chumba kimoja chenye bati lililotobolewa na risasi, na nje yake ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki. Unga umefika. Daraja limevunjika, zungukeni. Anayemtafuta mama yake aandike jina chini hapa. Hilo ndilo lilikuwa gazeti, na hata lilipokuja kuwa la karatasi tuliliita Ubao.

Mwenyewe alikuwa Mwalimu Ondoma, Mlugbara wa Logiri, mrefu, mwenye koti moja la kahawia kwa mvua na kwa jua. Zamani alipelekwa Marekani kusomea uandishi wa habari, akarudi na shahada, maumivu ya magoti aliyosema ni ya baridi ya huko, na heshima kubwa kwa sentensi fupi. Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ndara.

"Wewe iko mutu ya Koboko?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unajua kuchapa?"

"Najua."

"Na kuogopa, unajua?"

"Nilikuwa najua. Imekwisha kule Sudan."

Akacheka kidogo, akanipa stensili. Vijana, stensili hamtaiona tena, kwa hiyo nawaambia ilikuwaje. Ni karatasi yenye nta. Unaichapa bila utepe ili herufi zitoboe nta, kisha unaivisha mashine ya kurudufu, unazungusha mkono wa chuma na wino unapita kwenye matundu. Herufi o ukiipiga kwa hasira inatoboka duara zima, gazeti linatoka na madoa kama lina surua. Ukikosea unapaka dawa ya rangi nyekundu, unaipuliza, unasubiri ikauke. Ndiyo maana wazee wa kazi hii tulifikiri kabla ya kuandika. Tulikuwa tunaogopa ile dawa.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kugawana kazi, Mwalimu alitusomesha historia ya magazeti ya Marekani. Hakuna aliyemwomba. Alitupa habari za mpiga chapa wa zamani, enzi Mwingereza anaitawala nchi ile, aliyefungwa kwa kuandika ubaya wa gavana. Akiwa ndani, mke wake alibaki na mashine na gazeti likaendelea kutoka. Wazee wa baraza waliposikiliza kesi walisema, aliyoyaandika ni kweli, basi hana kosa, mwachieni. Alitueleza magazeti ya senti moja, yaliyouzwa njiani kwa kelele, ambayo kwa mara ya kwanza yaliandika mambo ya mtu wa kawaida, moto na wizi na ugomvi wa nyumba. Alitueleza waandishi walioingia viwanda vya nyama wakaandika kilichokuwa kinasagwa humo, mpaka serikali ikatunga sheria. Mimi nilikuwa naisikiliza ile ya mke wa mpiga chapa kila mara kama mpya.

Wala haikuwa hadithi ya kupambia ukuta. Siku moja ofisa mmoja alikuja kutaka kurasa zote zipitie mezani kwake kabla hazijachapwa. Mwalimu akamkaribisha chai, akamweleza kesi ya yule mpiga chapa tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na hali ya hewa ya mji ule na majina ya mawakili. Ofisa aliondoka bila kurasa, sijui kwa kuelewa au kwa kuchoka. Nikajiambia, kumbe hapana ni neno kamili, halihitaji kuongezewa kitu. Ukaidi mnaousema ninao, nimeupata pale.

Sasa nije kwenye sheria iliyotugombanisha. Mwalimu alisema wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Wamarekani walituma habari kwa simu ya waya, na waya ulikuwa unakatika ovyo. Mwandishi akiweka kiini mwishoni, kinapotea njiani. Wakajifunza kutanguliza kilicho kizito: nani, amefanya nini, wapi. Mengine yafuate, na mhariri akikosa nafasi akate mkia. "Habari kubwa mbele," alisema, akigonga meza. Kwa bei ya muhogo, kwa daraja, kwa ng'ombe walioibwa, ilikuwa sheria nzuri na mpaka leo naitumia. Alitaka kifo nacho kitangulizwe vivyo hivyo, na hapo ndipo tulipoachana.

Ubao haukusomwa kama mnavyosoma nyinyi, kila mtu na kioo cha simu yake. Nakala zilikuwa chache na wanaojua kusoma wachache. Kule Koboko gazeti lilisomwa kwa sauti sokoni na Hajji Ratib, fundi cherehani, mtu mwenye koo la kuita watu wa vijiji vitatu. Alisimama juu ya benchi, akasoma Kiswahili, kisha akageuza kwa Kikakwa.

Wiki moja nilikuwa kwetu kwa Idi, na Mwalimu akachapa mwenyewe. Nilikuwa sokoni nanunua vitunguu Hajji alipopanda benchi. Ukurasa wa kwanza, sentensi ya kwanza, ilisema Juma Lemi, dereva wa Koboko, amekufa kwa homa huko Yei. Mkewe, Mama Sauda, alikuwa hatua chache tu kutoka benchi, anauza samaki wakavu. Hakupiga kelele. Aliinama akaanza kufunga samaki wake mmoja mmoja kwenye gazeti kuukuu, kana kwamba kuna mnunuzi anasubiri. Aliwafunga wote. Ndipo akaanguka katikati ya mafungu ya nyanya za watu, na waliomdaka walikuwa wageni. Hajji alikuwa bado yuko juu ya benchi, mdomo wazi, karatasi mkononi. Nililia pale pale, na nilikasirika hivi kwamba niliviacha vitunguu vyangu na pesa yangu.

Kaka zake walifika jioni, nao walikuwa wakali kwa haki. Kilio hakianzii sokoni, walisema. Kilio kimeanza mahali pa kuuza na kununua, sasa kitarudishwaje nyumbani? Wakadai mbuzi wa kusafisha jambo lile. Nilipeleka ujumbe Arua, na Mwalimu akajibu kwamba hakuna gazeti lolote Marekani lililowahi kulipa mbuzi kwa kusema kweli. Hajji Ratib akatoa mbuzi wake mwenyewe, kwa sababu mdomo ulikuwa wake. Tangu siku hiyo alikataa kusoma msiba wowote kabla sijamwambia kwamba nyumba inajua.

Nilirudi Mvara nikamwambia Mwalimu. "Mimi hapana chapa kifo ya mutu kama wajomba hapana jua."

"Hii maneno ilikuwa kweli ama uongo?"

"Kweli."

"Basi."

"Basi nini, Mwalimu? Kweli iko na mlango. Wewe naingia kwa dirisha."

Akageukia karatasi zake. Alikuwa na namna ya kukugeuzia bega ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Haukupita muda mrefu, lori lililokuwa linarudisha watu kutoka Sudan likapinduka kwenye kona upande wa Koboko. Alhamisi dereva wa pikapu alituletea majina ya waliokufa. Gazeti lilikuwa linatoka Ijumaa. Mwandishi wa gazeti moja la Kampala alikuwa mjini, naye tayari amekwenda posta kupiga simu. Mwalimu akaniwekea majina mezani, akaniambia yaingie juu kabisa, kisha akatoka kwenda kutafuta wino.

Niliyasoma. Nilikuwa nawajua watu wa nyumba zile karibu zote. Nikamwona tena akilini Mama Sauda anafunga samaki. Basi nikachukua bisibisi, nikafungua ile skrubu moja, nikachomoa mkono wa mashine, nikauviringisha ndani ya leso na kuutia kwenye kikapu. Mashine ya kurudufu bila mkono ni pipa. Nikampata yule dereva wa pikapu anakunywa chai, nikamwambia, "Kama narudi Koboko, mimi naenda na wewe." Sikumwachia Mwalimu hata neno.

Nilizunguka kwa wajomba, nyumba kwa nyumba. Sikumwambia mjane wala mama yeyote. Hiyo haikuwa kazi yangu. Niliketi kwa wajomba, nikanywa maji, nikauliza mbuzi, nikasema. Wao wakainuka wakaenda. Katika nyumba moja mjomba aliniuliza ndani ya kikapu kuna nini kizito vile. Nikamwambia ni gazeti la wiki hii. Lilikuwa jibu la kweli.

Niliporudi Jumapili, Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya mashine kama mtu anayemlinda mgonjwa. Mezani palikuwa na gazeti la Kampala, majina yote ukurasa wa mbele. Niliweka ule mkono juu yake.

"Kampala natushinda," alisema. "Kwa ajali ya hapa, kwa mulango yetu!"

"Kampala hapana jua nyumba yao."

"Miaka mingi mimi nafundisha wewe..."

"Mwalimu, ile waya ya Marekani ilikuwa inakatika. Ndiyo walitanguliza. Hapa waya iko wapi? Hapa waya ni mutu. Mimi nimekwenda, nimesema yote, nimerudi. Nimekatika?"

Alisimama akanionyesha mlango. "Kwenda kwenu. Kazi imekwisha."

Nilikwenda nikalala. Jumatatu asubuhi nilikuja mapema, nikaketi kwenye kiti changu, nikavisha taipu stensili. Mwalimu akaingia, akanitazama, akatundika koti.

"Nani ameita wewe?"

"Hapana mutu."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Ile mutu ya kupiga chapa, gavana alipomufunga, muke yake alikwenda wapi?"

Alitazama ukutani. Niliona mabega yake yanatikisika, na mpaka leo sijui kama ilikuwa hasira au kicheko. Mwishowe akasema, "Chai iko?" Nikaenda kuchemsha chai. Sikufukuzwa tena, wala hakukubali. Alibaki na sheria yake nami nikabaki na yangu, na kila Alhamisi kwa miaka iliyofuata aliniuliza kwa dhihaka, mbele ya watu, "Binti ya Koboko, wajomba wanajua?" Kama hawajajua, habari ilingoja. Mara nyingi Kampala ilitangulia. Waliotucheka walikuwepo tangu wakati ule, kwa hiyo nyinyi si wa kwanza.

Ikafika miaka ya tisini. Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Andama, mwalimu wa shule huko Kampala, ambaye alimsifu kwa namna ya kumlalamikia: kijana haandiki barua, kijana anapenda mpira. Asubuhi moja Mwalimu alikuwa amekwenda kwao Logiri kupanda karanga. Mtu wa misheni akaja mbio kutoka kwenye redio ya mawasiliano, akaniita pembeni ya ubao. Andama amekufa hospitalini. Ugonjwa wa muda mfupi.

Wenzangu ofisini walisema mtu aende Logiri haraka kabla redio ya taifa haijasoma matangazo ya vifo mchana. Wengine walisema, huyu ni Mwalimu, yeye mwenyewe anataka habari kubwa mbele, mfikishieni anavyotaka. Nikasema nitakwenda mimi, na nitapitia Pajulu. Pajulu ndiko walikokuwa kaka za mkewe.

Nilipanda boda ya baiskeli mpaka Pajulu, nikaketi, nikaomba maji. Mkubwa wao, Mzee Avutia, hakungoja hata nimalize kikombe. Aliingia ndani akavaa shati safi. Tukaenda Logiri kwa baiskeli mbili.

Mwalimu alikuwa shambani, suruali imekunjwa, jembe mkononi. Aliniona kwanza mimi, akatabasamu. Kisha nyuma yangu akamwona shemeji yake na shati safi siku ya kazi. Tabasamu halikuondoka usoni, lilibaki tu pale halina mwenyewe.

"Mi ngoni?" aliniamkia kwa Kilugbara.

"Muke, Mwalimu." Muke kwao ni salama.

"Barabara iko namna gani?"

"Barabara iko muzuri."

"Koboko mvua imefika?"

"Imefika kidogo."

"Mama yako?"

"Iko. Anasalimia."

Aliniuliza Hajji Ratib. Aliniuliza bei ya simsim. Aliniuliza mashine, kama inavuja wino bado, na nikamwambia inavuja. Aliuliza jirani wa ofisi, na kuku wa jirani wa ofisi. Nilijibu yote, moja baada ya moja, machozi yananitoka, na yeye anaona machozi na anauliza jingine. Sikumharakisha. Huyu ndiye mtu aliyegonga meza miaka yote. Akamwita mkewe alete maji ya wageni, na mama alipofika alimshika mkono akamwambia, "Kaa hapa, karibu na mimi." Mzee Avutia akasogea akasimama nyuma ya dada yake. Mwalimu akafuta udongo kwenye jembe kwa vidole, akalilaza chini.

"Sasa," akasema. "Sema."

Nikasema. Mama akaanguka, na kaka yake alikuwa pale.

Alirudi kazini baada ya matanga. Nilikuwa nimeshachapa tangazo la msiba, nimeliweka bila kulipeleka kwenye mashine, maana sikutaka kumficha. Lilianza hivi: Nyumba ya Ondoma wa Logiri inawasalimu ndugu wote wa Vurra, Pajulu na Arua, na wajomba wameketi nayo. Jina la Andama lilikuja baadaye kabisa, likiwa limezungukwa na watu. Mwalimu alichukua kalamu yake nyekundu, ile iliyokata mikia ya maandishi yangu tangu siku ya kwanza. Akasoma mpaka mwisho. Akarudi juu akasoma tena.

"Ni ndefu," akasema.

Hakukata hata neno. Aliivisha stensili kwenye mashine mwenyewe, akazungusha mkono, na Alhamisi iliyofuata akaniuliza kama kawaida kama wajomba wanajua. Ila safari hii hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuuliza kwa dhihaka.

Mwalimu amekwishatangulia. Ofisi iliponunua kompyuta, ile mashine ilitupwa nyuma ya choo, nami nikaenda na bisibisi yangu kwa mara ya pili. Juzi tena mmoja wenu alirusha kwenye simu picha ya ajali ya bodaboda, viatu vya marehemu vinaonekana wazi, na mama mtu alivitambua viatu akiwa kwenye foleni ya maji. Mhariri alisifu kwamba mmekuwa wa kwanza. Wa kwanza mbele ya nani? Mnanipa saa mimi, wakati ninyi ndio msiojua wakati.

Saa nimeitundika ukutani, na kwenye msumari huohuo nimetundika ule mkono wa mashine. Atakayeutaka aje Koboko. Apige hodi, aketi, anisalimie, anywe maji. Tukishafika kwenye mbuzi, nitamsikiliza.